Soksi Nyeusi Siku ya Kutawadhana

Nianze na ukweli mchafu: miguu ya watu inanitia kinyaa. Tena siyo kidogo. Ukikaa mbele yangu na kisigino chenye magaga wakati nakula, sahani nasukuma pembeni. Na kwa miaka miwili, pale kanisani kwetu Tunduma, mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji ya kutawadhana miguu.

Kwa asiyejua, kanisani kwetu kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, waumini huoshana miguu wawili wawili. Wanaume wana chumba chao na wanawake chao. Mmoja anakaa kwenye benchi, mwenzake anapiga magoti na beseni, anamwosha, anamfuta kwa taulo, kisha wanabadilishana. Kabla maji hayajagusa mguu mnaangaliana usoni, na kama kuna jambo kati yenu mnalisema na kuombana msamaha. Halafu mnakumbatiana na kuingia ibadani kula mkate pamoja. Asiyetawadhwa hakuna wa kumkamata mkono, lakini tunajuana. Anakaa benchi la nyuma na trei ya mkate inampita.

Mimi ilinipita miaka yote hiyo miwili.

Kazi ya maji niliiomba mwenyewe, na mashemasi wa kike wakanisifu kwa moyo wa kujitolea. Moyo gani! Mchemsha maji hana mwenzi. Wenzake wanapovua viatu yeye yuko jikoni nyuma ya kanisa anapepea mkaa, akimaliza anabeba ndoo, akimaliza anamwaga maji machafu. Nani atakumbuka kumuuliza kama ametawadhwa? Nilikuwa nimejificha katikati ya watu, nikiwa na aproni na kata ya maji mkononi.

Na niliyoyaona, jamani. Kucha nene za njano zilizojikunja. Katikati ya vidole fangasi imekula mpaka nyama imekuwa nyeupe. Nyayo zilizobeba vumbi lote la foleni ya malori. Maji yalirudi meusi, juu yana utando wa mafuta ya kupaka, na nywele moja inaelea isiyojulikana ya nani. Nikiyamwaga nilikuwa nageuza uso na kubana pumzi. Nikirudi nawakuta wenye miguu hiyo wameshikana shingo wanalia kwa furaha, nikawa nasema moyoni, hawa watu hawana pua?

Lakini mguu ulionichukiza kuliko yote nilikuwa nao mwenyewe, ndani ya soksi nyeusi nene ambazo sikuzivua mbele ya mtu yeyote.

Nauza vipodozi karibu na mpaka. Mbele ya duka nimepanga mafuta ya nazi, nywele bandia na manukato. Chini ya meza, nyuma ya maboksi ya nepi, enzi hizo kulikuwa na zile krimu zilizopigwa marufuku, zinazoingia kutoka Kongo na Zambia kwenye mabegi ya kina mama. Na chumba cha nyuma kilikuwa na ndoo. Humo ndimo nilimotengeneza mkorogo: krimu tatu za aina tofauti, kichupa cha dawa ya maji, sabuni iliyokunwa, na mteja akiwa na haraka, kifuniko kimoja cha dawa ya kung'arishia mashuka. Unakoroga kwa mwiko. Ndoo inapata joto yenyewe, inatoa povu, na harufu inapanda puani kama betri ya gari iliyovuja. Wateja kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, wale wanawake watu wazima tunaowaita bamayo, walikuwa wanainama mezani na kuninong'oneza wanataka ile ya nyuma. Nami nawapimia kwenye makopo huku natabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu langu natamani kutema mate.

Mteja wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa miezi michache nikawa mweupe, na watu wa mtaa wakanisalimia kwa heshima mpya, wanaume wakawa wananiita mrembo hata kabla sijageuka. Hawakuwa karibu kiasi cha kunusa. Ngozi ililainika mpaka mishipa ya kijani ikaonekana shavuni. Jua likinipiga uso unawaka. Nikitoka jasho nanuka samaki aliyelala, naoga mara tatu kwa siku na bado najinusa kwenye mabega kama mgonjwa.

Halafu viungo. Kila anayejichubua anajua: viungo vya vidole havikubali. Mkono mzima unakuwa mweupe, vifundo vinabaki na weusi wake, na mtaani wana maneno yao, uso soda ya machungwa, miguu soda nyeusi. Vidole vya mikono nilivisugua mpaka vikachunika. Vidole vya miguu nilivipaka dawa kali zaidi na kuvifunga na nailoni usiku kucha. Matokeo yake ngozi ikapasuka katikati ya vidole, ikawa inatoa majimaji, na juu yake bado kuna vile vifundo kumi vyeusi vinanitazama. Nikanunua soksi.

Sikuzaliwa najichukia. Nilifundishwa, na mahali penyewe napakumbuka.

Kwetu ni Mbozi, juu kule, ukishuka Mlowo unachukua barabara ya vumbi hadi kwenye mibuni. Msimu wa kahawa wanawake huketi kuzunguka turubai na kuchambua matunda kabla hayajapelekwa kwenye mashine ya kumenya. Jekundu linabaki, bichi linatolewa, na lile lililokaukia mtini likawa jeusi kwa ugonjwa wa chulebuni linatupwa kabisa, kwa sababu linaharibu ladha ya gunia zima. Nilikuwa na miaka kama tisa, nimekaa miguuni pa mama. Shangazi yangu, dada wa baba, alichukua tunda moja jeusi, kavu, limesinyaa, akaliweka juu ya mkono wangu kupima rangi.

"Huyu hapa pacha wake," alisema.

Turubai zima lilicheka. Ni utani wa wanawake wenye kazi, unasemwa na kusahaulika. Nilimtazama mama ili anitetee, nikaona meno yake. Naye alikuwa anacheka. Tangu siku hiyo watoto wa ukoo wakaniita chulebuni, na nikajua kwamba mimi ndilo lile la kutupwa. Nililala nikimwomba Mungu anioshe, kesho yake nakimbilia kioo cha baba. Mungu hakunijibu, na nilipokua nikapata dawa ya ndoo.

Kanisani niliingia kwa sababu ya jua. Siyo maono, siyo ndoto. Nilikuwa natoka kuchukua mzigo, uso umevimba kwa kuungua, natembea nimejifunika kitenge, na mlango ulikuwa wazi na ndani kuna kivuli. Nikakaa nyuma. Mzee wa kanisa alikuwa anaeleza jinsi Mungu alivyomfinyanga mtu kwa mkono wake mwenyewe, kwa udongo, akaona ni chema. Nikakasirika kweli. Udongo wangu aliutoa wapi, chini ya sufuria? Nilitaka kuondoka, ila jua lilikuwa bado liko pale nje linanisubiri.

Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, kwa kuwa mle ndani hakuna aliyeniuliza habari za uso. Taratibu nikaanza kuamini. Na hapa nisidanganye kama wale wanaotoa ushuhuda mtamu: kuamini hakukuniondolea kinyaa, kulikiongeza. Mikono niliyoifumba kuomba asubuhi ndiyo iliyoshika mwiko mchana. Jioni natubu, nikimaliza kutubu najipaka. Siku ya ubatizo niliingia majini na soksi, nikasingizia baridi. Mchungaji alinitazama miguu, akanizamisha hivyo hivyo. Nilitoka natoa maji kwenye soksi huku watu wanaimba, nikajiona tapeli.

Basi trei ikanipita robo baada ya robo. Ningeweza kudanganya nikala, nani angejua? Lakini lile lilikuwa jambo moja ambalo sikutaka kulichafua. Nilitaka kula mkate ule nikiwa mimi, na huyo mimi nilikuwa simtaki.

Kisha mama akapiga simu. Mama ni muumini wa dhehebu hilo hilo kule Mbozi tangu ujana wake. Akasema amesikia nimebatizwa, anamshukuru Mungu, na anakuja Tunduma siku ya meza ya Bwana ili tutawadhane sisi wawili kabla magoti yake hayajagoma kabisa. Sikuwa nimeonana naye karibu miaka mitatu. Nilikuwa natuma sukari, natuma khanga, natuma visingizio. Nikamwambia barabara ni mbaya, foleni ni ndefu, mimi mwenyewe nina kazi ya maji siku hiyo. Akasema vizuri, basi maji yatakuwa ya moto.

Nilikwenda kumpokea stendi. Akashuka na kikapu cha ndizi na debe dogo la maharage, amevaa gauni lake la kanisani. Nikasimama mbele yake. Akanitazama usoni, kwa adabu, kama unavyomtazama mtu usiyemfahamu.

"Samahani dada," alisema, "naomba unipishe, namtafuta mwanangu."

Nikasema, mama, ni mimi. Sauti ndiyo aliyoitambua. Watu wanatupita na mizigo, akanipa kikapu nibebe na kuniuliza kama nimekula. Njia nzima hakusema neno juu ya rangi yangu. Nyumbani hakusema. Nilimtandikia kitanda changu, nikalala chini, na kulipokucha nilikuwa tayari nimeamua: nitajifungia na ndoo zangu mpaka kutawadhana kuishe, halafu nitamwambia samahani mama, kazi ilinizidi.

Nikawasha majiko mawili. Nikachemsha maji ya kuosha kijiji. Shemasi alikuja akaniambia mama yangu yuko kwenye benchi, dada mmoja amejitolea kumwosha naye amekataa, anasema anamsubiri wa kwake. Nikasema nakuja. Akaja tena. Nikasema maji hayajapoa. Nikasikia chumba kule kinaanza kuimba wimbo wa kufungia, nikapumua, nikajua nimepona.

Mlango ukasukumwa. Mama aliingia akiwa ameshika ukuta kwa sababu ya magoti, mkono mwingine una beseni na taulo begani. Akaweka beseni kwenye sakafu ya saruji, kati ya jiko na gunia la mkaa. Akachota maji mwenyewe, akayapoza. Akanionyesha ndoo iliyopinduliwa.

Nikakaa, kwani ningefanya nini? Nikamwambia nina fangasi, itamwambukiza. Akasema kwenye mguu huo huo amenitoa funza kwa mwiba wa mchungwa, kwa hiyo fangasi haitamsumbua. Akapiga magoti kwa shida, kwanza moja, halafu la pili, na kabla hajanigusa akaniangalia usoni kama desturi inavyotaka.

"Siku ile shangazi yako alipokuwekea lile tunda, mimi nilicheka," alisema. "Na mimi waliniita hivyo hivyo nilipoolewa. Nikaona afadhali zamu imepita kwa mwingine. Nisamehe."

Nilidhani amesahau. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayelijua lile turubai. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimesamehe, na kamasi zinanitoka, na wala sikuwa na leso.

Akavuta soksi. Harufu ikatoka, ile yenyewe, ya samaki na dawa na kidonda kilichofunikwa, ikajaa jiko lile dogo. Nikafumba macho. Nilikuwa nasubiri pumzi yake ibanwe, kwa sababu mimi ningebana. Nilikuwa nasubiri akwepeshe uso, kwa sababu mimi kila robo nilikwepesha. Nikasikia maji ya uvuguvugu, na vidole vyake vigumu vikapita kwenye mguu wangu kidole kimoja kimoja, bila haraka, kama alivyochambua kahawa. Alipofika penye ngozi iliyopasuka akaenda polepole. Akafika kwenye kifundo cha kidole gumba, kile cheusi, akatua hapo. Akakisugua kwa kidole chake na kukirudia.

"Huyu hapa," alisema. "Namtafuta tangu stendi."

Nililia kwa sauti mbaya. Mahali pale nilipopachukia kuliko pote, nilipopachoma dawa, nilipopafunga nailoni, ndipo pekee palipobaki jinsi nilivyoumbwa, na ndipo mama aliponitambulia. Kama mkono wa Mungu ulinifinyanga kweli, basi alama yake ilikuwa ndani ya soksi. Yule mzee aliyenikasirisha kwa habari za udongo alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekaa miaka miwili naosha vyombo vya karamu nisiyokula.

Tukabadilishana. Mama alikaa kwenye ndoo, mimi nikapiga magoti. Miguu yake ina magaga ya kuingiza sarafu, kidole kimoja hakina ukucha, na rangi ya maganda ya kahawa imeingia kwenye nyufa na haitatoka tena. Sitasema kinyaa kilikwisha. Nikashika kisigino, nikakiosha, kinyaa kikiwa hapo hapo, na nikaendelea mpaka mwisho. Vifundo vyake na vyangu vimefanana mpaka mkunjo.

Aliniuliza namwomba msamaha wa nini, maana sasa ilikuwa zamu yangu kusema. Nikasema wa kumpita, nikimaanisha ile miaka ya visingizio. Yeye alidhani namaanisha pale stendi, akasema aliyenipita ni yeye. Nikamwacha aamini hivyo.

Mkorogo sikuuacha kwa muujiza, na kuacha kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko kuanza. Ndoo niliimwaga wiki ile ile, na ile harufu ilikaa mtaroni siku tatu, mbwa wanapita mbali. Wateja walinitukana. Rangi ilirudi kwa mafungu, shavu moja kabla ya jingine, nikawa na madoa usoni, na bamayo mmoja aliyekuwa akinunua kwangu kila mwezi alinicheka hadharani. Kuna asubuhi nilisimama mbele ya kioo, mkono ukaenda wenyewe kutafuta kopo ambalo halipo. Hizo asubuhi nilivua viatu, nikaangalia vifundo, nikaomba nikiwa naviangalia. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo, sikuwa na nyingine. Bado naiomba.

Siku ile jikoni, nilipomaliza kumfuta mama miguu, nikanyoosha mkono nichukue soksi. Hazikuwepo nilipoziweka. Mama alikuwa ameziokota, ameinama kwenye ndoo yake, anafutia maji yaliyomwagika sakafuni. Alifuta vizuri, mpaka kwenye kona, zikalowa tope la mkaa na maji ya miguu yetu wawili, kisha akazitumbukiza kwenye beseni chafu.

Nikamwambia, mama, sasa nitavaa nini? Viatu vyangu vilikuwa vya kubana, bila soksi vingekwangua vidonda. Akasema kanisani hakuna miiba.

Tuliingia kwa mlango wa pembeni, yeye ameniegemea bega, mimi peku. Saruji ilikuwa baridi. Watu waliokaa pembeni walishusha macho, nikawaona wanaona: mguu mweupe uliochubuka, vidole vyenye vidonda, vifundo vyeusi. Mwanamke mmoja akakunja pua, na sikumlaumu, ile pua naifahamu. Nilianza kukata kona kwenda benchi langu la nyuma. Mama akanishika kiwiko na kunipeleka safu ya pili, nikakaa, miguu yangu iko pale mbele ya kila mtu. Shemasi akaja na trei, akaanza upande wetu, akampa mama kipande chake, na ilipofika kwangu haikunipita.